Meple ya Kijapani na joto la Dallas: niipande sasa au ningoje?

Kutoka: Dada wa Plano

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za wikendi.

Tulipohamia nyumba mpya, wenzake mume wangu kazini walitupa zawadi ya mti wa meple ya Kijapani. Kibandiko kinasema "Bloodgood", majani mekundu, urefu wake unanifika kifuani. Bado imo kwenye kopo jeusi la plastiki la dukani, barazani. Joto linafika digrii 39 kila siku na ncha za majani zimeanza kukauka. Naimwagia maji asubuhi na jioni, lakini hali ni ile ile. Mume anataka tuipande Jumamosi hii mbele ya nyumba, kando ya njia ya gari, ili mizizi ipate ardhi. Upande huo unatazama magharibi. Mwenye uzoefu anisaidie kabla jembe halijaingia.

Kutoka: Kaka wa Fort Worth

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa nyumba. Mwambie shemeji aweke jembe chini kwanza. Julai si mwezi wa kupanda mti huu Texas.

Kwao Japani na Korea, meple hizi huota msituni chini ya miti mikubwa, jua likizifikia limeshachujwa na majani ya juu. Ukiuhamisha mti sasa utakata vijizizi vyembamba, vile vinavyonyonya maji, katika wiki ambazo majani yanapoteza maji mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ngoja Oktoba au Novemba. Hewa huwa imepoa, ardhi bado ina vuguvugu, majani yanapukutika, na nguvu yote ya mti inashuka kwenye mizizi. Kiangazi kijacho kitaukuta umeshika.

Sasa hizo ncha. Jua na upepo mkavu vinavuta maji kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na ncha ndiyo inayofikiwa mwisho, kwa hiyo ndiyo inayokufa mwanzo. Kuongeza maji si lazima kuwe dawa. Mizizi inayolowa muda wote hukosa hewa ikaoza, na mti wa mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mti wenye kiu. Hapo ndipo wengi wanapoipoteza, wanauona umelegea wanaumwagia tena. Chomeka kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, uache. Ukikuta pakavu, mwagia asubuhi, polepole, mpaka maji yatokee matundu ya chini. Yaache yatoke kwa wingi, kwa sababu maji yetu ya bomba yana chokaa na chumvi zinazobaki kwenye kopo na kuunguza ncha zile zile. Mvua ikinyesha, kinga ndoo. Maji ya mvua yanaupendeza zaidi.

Halafu hilo kopo jeusi. Likipigwa na jua la mchana, mizizi iliyogusa ukuta wake inaungua. Lihamishie upande wa mashariki au kaskazini wa nyumba leo hii, liinue lisikae moja kwa moja juu ya zege, na ulitumbukize ndani ya chungu kikubwa zaidi cha rangi nyeupe au cha udongo, nafasi ya katikati ujaze magome ya miti. Kama kivuli hakuna kabisa, tundika neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua.

Mbolea usiweke mpaka majira ya kuchipua. Itausukuma utoe majani mapya laini, nayo yataungua siku hiyo hiyo. Majani yaliyoungua nusu usiyang'oe: sehemu ya kijani bado inaulisha mti, na yote yanalikinga gome lisipigwe na jua.

Kuhusu mahali, naomba msiupande kando ya njia ya gari. Zege na ukuta wa matofali unaotazama magharibi vinatema joto mpaka usiku. Tafuteni kona ya mashariki inayopata jua mpaka kama saa tano, kisha kivuli. Kivuli kizito nacho si kizuri, wekundu utageuka ukijani. Udongo wetu wa mfinyanzi hupasuka kiangazi na kutuamisha maji mvua zikija, kwa hiyo shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisilizidi kina. Mimi nauacha mti usimame sentimita 5 hadi 8 juu ya uso wa ardhi, pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane. Matandazo sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Mkipata nafasi, njooni Bustani ya Kijapani hapa Fort Worth. Ipo tangu 1973, maana yake imepita hata kiangazi cha 2011, siku 71 za digrii 38 na zaidi. Angalieni meple zake zimesimama wapi, na juu yake kuna nini.

Kutoka: Mama wa Oak Cliff

Nyongeza kuhusu maji. Hapa jijini Dallas, kuanzia Aprili hadi Oktoba hairuhusiwi kuwasha springkla kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ila kumwagia kwa mkono au kwa matone kunaruhusiwa. Huko Plano ulizeni sheria yenu. Mimi natoboa tundu dogo chini ya ndoo ya lita 20, naiweka karibu na mti, inadondoka taratibu. Ardhi inakunywa yote, hakuna yanayokimbilia barabarani.

Kutoka: Ndugu wa Maskati

Je, huku kwetu inawezekana?

Kutoka: Kaka wa Fort Worth

Maskati hapana, ndugu yangu, nisikupe tumaini la bure. Mti huu unahitaji baridi ya miezi kadhaa ili ulale, bila hiyo unachoka na kufa. Panda mkomamanga, hilo joto unaliweza.

Kutoka: Dada wa Plano

Asanteni sana. Kopo limehamia mashariki na mume amekubali kungoja Oktoba. La mwisho: tawi moja ni kavu kabisa, na chini karibu na udongo kumechipua vitawi vya majani ya kijani. Nifanyeje?

Kutoka: Kaka wa Fort Worth

Lile tawi likwaruze kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya gome, liko hai, liache. Likiwa kahawia na kavu hadi ndani, kata kwa mkasi uliofutwa spiriti. Ukiona mistari myeusi ndani ya mti, piga picha unitumie, huenda ni ukungu wa udongoni na hapo ushauri unabadilika.

Vile vitawi vya kijani vinatoka chini ya kiungo cha kubebeshea, yaani pale Bloodgood ilipounganishwa na shina la meple nyingine yenye mizizi. Viondoe mara uvionapo, usawa wa shina, la sivyo vitaizidi nguvu Bloodgood yako.