Naomba ushauri: mdogo wangu kaitwa kazini Google, Dublin

Wakuu, habari za leo. Niko Mtwara mjini. Mdogo wangu, mtaalamu wa programu, amepewa kazi Google, ofisi ya Dublin kule Ireland. Mama huko Newala ameshawaambia majirani wote. Nami nimefurahi sana, ila usingizi sipati.

Nawauliza mliopita kampuni kubwa za namna hii. Sehemu ya malipo ni hisa, nazo hutolewa kidogo kidogo kwa miaka. Mtu akipunguzwa katikati, zilizobaki zinapotea? Nauliza kwa sababu Januari 2023 kampuni hiyohiyo ilitangaza kupunguza watu 12,000, na wapo waliopata habari kwa barua pepe tu. Kibali cha kuishi ugenini kikitegemea kazi, hapo mtu anafanyaje?

Halafu zamu za kuamshwa usiku mitambo ikileta shida, zinachosha kiasi gani? Huyu ni mkimya, akielemewa hasemi. Msimu wa korosho yeye ndiye hufuatilia mzigo wa mama AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) hadi mnadani, lakini hilo tutalibeba sisi.

Anatakiwa kujibu wiki ijayo. Amuulize nini mwajiri kabla hajasaini?