Naomba ushauri: hemenyutiki na pragmatizimu vinapikika chungu kimoja?

BintiNewala (mleta uzi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nipo Mtwara, nafanya shahada ya uzamili ya sosholojia. Utafiti wangu ni wa kangomba huku Newala: kwa nini mkulima anampimia mlanguzi korosho kwa bakuli ilhali mnada wa chama cha msingi cha ushirika upo, na stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani zikauzwe mnadani, upo tangu 2007.

Sura ya nadharia nimewaweka Gadamer, Mjerumani wa hemenyutiki (falsafa ya kuelewa na kufasiri), na Dewey, Mmarekani wa pragmatizimu (falsafa inayopima wazo kwa matokeo yake ya vitendo). Msimamizi kanirudishia na wino mwekundu: "Huyu anataka kuelewa, yule anataka kutatua. Chagua mmoja." Wiki ya tatu hii nimekwama.

Kilichonifanya niwashike wote wawili ni mama mmoja kijijini. Dodoso langu linauliza, "Je, umewahi kuuza kwa kangomba?" Akajibu hapana, kama walivyojibu karibu wote. Nikaweka kalamu chini. Tukakaa barazani tunapepeta mchele, ndipo akanisimulia kuwa mwezi wa nane, mikorosho ikiwa bado maua, alichukua pesa kwa mtu, akaja kumlipa korosho bakuli kwa bakuli msimu ulipofika. Nikamwambia, mama, si ndiyo kangomba hiyo? Akanitazama kwa mshangao kabisa. "Mwanangu, kangomba ni wizi. Mimi nilijishikiza tu." Hakuwa ananificha kitu.

Sasa kati ya hao wawili nimwache nani?

MwalimuMikindani
Usimwache yeyote. Msimamizi wako anamsoma Gadamer kana kwamba ni Dilthey. Dilthey, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyechora mpaka: maumbile tunayaeleza kwa visababishi, maisha ya watu tunayaelewa. Ukibaki hapo, kweli kuelewa kutakaa kivyake na kutenda kivyake. Gadamer katika kitabu chake kikuu cha 1960 hakubaki hapo. Kwake, kulitumia jambo si hatua inayofuata baada ya kulielewa; kumo ndani ya kuelewa kwenyewe. Mfano wake mmoja ni hakimu: sheria inaeleweka pale inapokutana na kesi iliyo mbele yake. Mtazame hata khatibu wetu wa Ijumaa. Aya ni zilezile miaka yote, lakini anazielewa kwa ajili ya watu waliokaa mbele yake leo, ambao korosho zao zimenyeshewa na mvua. Akifika hapo, Gadamer ameshabisha hodi kwa Dewey.

Pwani_Kusini
Naongezea upande wa Marekani. Peirce, mwanzilishi wa pragmatizimu, 1878: ukitaka wazo likae wazi, tazama ni matokeo gani ya vitendo unayategemea kutoka kwake. Lijaribu neno kangomba. Kwa afisa ni ushuru uliopotea na mkulima aliyepunjwa. Kwa yule mama ni unga ulioingia ndani mwezi ambao hakuna anayelipa. Halafu Dewey, 1938, anasema uchunguzi huanza pale hali yenyewe inapokorogeka. Ya kwako ilikorogeka barazani, mama aliposema "nilijishikiza". Liandike hilo, tena ukurasa wa mwanzo.

Ila usikimbilie kwa Rorty, mwanapragmatizimu wa baadaye. Ni kweli kitabu chake cha 1979 kinaishia kwenye hemenyutiki, lakini yeye mwenyewe alikataa kuiita mbinu. Msimamizi atakubana hapohapo.

Nachingwea2
Mimi nasimama na msimamizi kidogo. Tofauti ipo, msiifunike. Gadamer anayapa mapokeo mamlaka yake. Dewey anataka kila desturi ipimwe kwa yale inayowafanyia watu, ikishindwa ibadilishwe. Habermas, mwanafalsafa mwingine Mjerumani, alimkabili Gadamer mwaka 1967 kwa jambo hilihili: lugha tuliyorithi inaweza kuficha mabavu.

Dada, umejiuliza neno "kujishikiza" limetoka kinywani mwa nani kwanza? Kama mlanguzi ndiye aliyelitamka mlangoni kwa yule mama, basi ukilipokea kwa heshima tu utakuwa umemsaidia yeye. Hapo ndipo unapomhitaji Dewey, na ndipo anapoachana njia na mwenzake. Sura yako iingie kwenye njia panda hiyo, isiizunguke.

KaraniMstaafu
Hao wazee mnaowataja sijawasoma. Nimekaa chama cha msingi miaka mingi, mizani mbele yangu. Nikuambie jambo moja tu, mwanangu: wanaopeleka ghalani na wanaojishikiza ni watu walewale. Gunia hili linakwenda mnadani, lile lilishakwenda tangu mwezi wa nane. Ukiwagawa makundi mawili kwenye karatasi yako, umewakosa wote.

BintiNewala (mleta uzi)
Michango nimeipokea, wakubwa zangu asanteni sana. Mzee Karani, nilikuwa nimewagawa kweli, jedwali zima. Nalifuta usiku huu.

Mwalimu, naanza na hakimu na khatibu, kisha namleta Dewey palepale mlangoni ulipomfikisha Gadamer. Ugomvi wao juu ya mapokeo sitausuluhisha. Nitauacha wazi, nione neno la yule mama linaangukia wapi. Nachingwea2, swali lako limenichoma kwa sababu sikumuuliza, na nilikuwa nimekaa naye saa nzima.

Jumamosi napanda gari la Newala. Dodoso linabaki Mtwara. Naenda na maswali mawili tu: mwezi wa nane ulijishikizaje, na nani alikuwa wa kwanza kukuambia kunaitwa hivyo?