Majirani wa Blok C: ile petisheni ya kelele

Mama Shiro: Jana tena muziki wa hiyo baa ya hapa mtaani hadi saa tisa usiku. Shiro ana mtihani leo ameenda shule macho mekundu kama yeye ndiye alikuwa anakunywa. Huku jikoni vifuniko vya sufuria vinacheza

Baba Otis: Vinacheza wimbo gani 😂

Mama Shiro: Baba Otis usinichekeshe niko na hasira

Mzee Katana: Kwani gavana wa Nairobi si alisema 2022 vilabu vitoke kwa makazi ya watu? Nilidhani hiyo ilikwisha

Mwalimu: Mzee lile lilikuwa agizo, na agizo ni leo lipo kesho limesahaulika. Sisi tunataka iandikwe kwa sheria ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limepea kaunti mambo ya kelele na laiseni za pombe, kwa hivyo hatuna haja ya kusumbua wabunge, tunaenda bunge la kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inasema mwananchi yeyote anaweza kuliomba litunge sheria, ama lirekebishe, ama lifute kabisa

Fatuma: Lakini si ile sheria ya pombe ya 2010, ile aliileta mbunge Mututho, bado ipo? Siku za kazi baa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku basi. Na isiwe karibu na shule chini ya mita 300. Mimi nimetembea kutoka geti ya nasari hadi mlango wao nikihesabu, hatua 140, na hatua zangu mnazijua ni fupi, za mtu aliyevaa buibui

Mwalimu: Ipo. Ukiwauliza wanakwambia wao ni mkahawa. Sijawahi kuona mkahawa wenye spika ukubwa wa friji

Kevo: Na sisi wenye tunafanya kazi hapo je? Mimi ni weita hapo mnajua vizuri. Hiyo kazi ndiyo inalipa nyumba ya mathee

Mama Shiro: Kevo mwanangu hakuna mtu anataka ukose kazi haki

Kevo: Mkifunga nitakosa tu, mathee hatakula petisheni

Mwalimu: Kevo ngoja. Soma yenye tumeandika, hakuna mahali tumesema ifungwe. Tumesema mtu akitaka laiseni ndani ya mtaa tangazo libandikwe kwa geti ya ploti yenyewe, wapangaji waone kabla, sio wasikie siku ya kufungua. Na akipewa muziki ukae ndani ya kuta zake. Wewe mwenyewe unarudi nyumbani masikio yanalia

Kevo: Hiyo ni ukweli. Lakini jina langu msiweke, bosi anajua mwandiko wangu

Fatuma: 😂😂 pole Kevo, tutakuelewa

Baba Otis: Sahihi zimefika 61. Natuma picha

Mwalimu: Baba Otis hii karatasi ya kwanza nani amekwaruza hapa juu?

Baba Otis: Ni mimi. Niliandika kelele za kishetani nikaona si adabu nikafuta

Mwalimu: Aki wewe. Ile siku ya mkutano nilisema, petisheni inatakiwa lugha ya heshima na isiwe na kufutwafutwa wala maneno ya kuchomeka juu ya mstari. Hiyo wanaweza kuturudishia tukiwa mlangoni

Baba Otis: Wote 61 waandike tena??

Mwalimu: Wale wa karatasi hiyo moja tu. Watu 20. Kila mtu jina, anapoishi, namba ya kitambulisho na sahihi, asiyeandika aweke dole gumba

Mama Nekesa: Yangu ni hii
Ujumbe huu umefutwa

Fatuma: Mama Nekesa si hapa kwa grupu jamani, huku tuko watu 140 na wengine hata hatuwajui sura

Mama Nekesa: Nimefuta. Mjukuu amenigombeza

Mzee Katana: Tuandike kwa Kiswahili ama kizungu?

Mwalimu: Kiswahili wanakubali mzee. Na lazima tuonyeshe tulijaribu kwingine kabla ya kuja, ile barua ya ofisi ya laiseni yenye muhuri nani alibaki nayo?

Mama Shiro: Iko kwangu, nimeiweka ndani ya Biblia isipotee

Mwalimu: Ilete saa kumi na mbili kwa ngazi ya chini, na kila mtu aje na kalamu yake, Baba Otis wewe kuja tu bila kalamu