Redio ipige albamu nzima bila kukatisha: ni haki ya msikilizaji au ni kumchosha?

Msikilizaji wa Makole
Mbukwenyi wakuu. Redio moja hapa Dodoma inasema Jumapili usiku itapiga albamu nzima ya folku roki, *The Hazards of Love* ya The Decemberists wa Marekani, bila tangazo na bila mtangazaji kuingilia. Naunga mkono. Nyimbo 17, hadithi moja. Margaret anamkuta mtoto wa paa aliyejeruhiwa msituni, paa anageuka kijana anayeitwa William, na malkia wa msitu aliyemlea hataki kumwachia. Nyimbo nyingi hazifungi, zinaingia moja kwa moja kwenye inayofuata. Ukipachika tangazo la mabati katikati umekata sentensi. Nyie mnasemaje?

Zabibu Nyeusi
Napinga. Hiyo albamu ya 2007 inakula karibu saa nzima, na redio inaishi kwa matangazo. Anayefungulia dakika ya 25 ataelewa nini? Halafu ni muziki wa kulalia, kama zeze tu, kukwaruza uzi bila mpango.

Mtoto wa Chamwino
Zabibu, ya matangazo watakujibu wengine. Mimi nakushika kwenye zeze. "Bila mpango" umeipima kwa kipimo gani? Uzi mmoja ukiuburuza kwa upinde na kuugusa kidogo tu bila kuubana, unatoa sauti zilizolala ndani yake, moja juu ya nyingine. Muziki wa Kigogo umejengwa kwenye ngazi hiyo hiyo, na waimbaji wanapachana sauti humo humo. Sauti ya saba ya ngazi hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Sikio lililozoea kinanda linadhani mpigaji kakosea. Hajakosea. Ila sikio halijafundishwa.

Fundi Mitambo
Kabla hamjafika mbali: albamu ni ya 2009. Na swali la kweli ni kama studio inaweza kuipiga bila kuiharibu. Mp3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, kwa sababu inakata sauti kwa vipande vya sampuli 1,152. Kwa nyimbo za kawaida huusikii. Kwa nyimbo zilizoshikana utasikia kidonda kila mpaka. Toeni kwenye CD faili moja ndefu ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, kama MB 10 kwa dakika, basi saa nzima ni MB 600. Tena zimeni ile ya kupishanisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine.

Zabibu Nyeusi
Chamwino, sikutukana kabila la mtu. Nimesema ukweli: zeze lina nyuzi mbili, gitaa lina sita. Chombo cha nyuzi mbili hakiwezi kubeba hadithi ya saa nzima.

Mtoto wa Chamwino
Nyuzi mbili? Yapo ya mbili na yapo ya zaidi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alipiga zeze la nyuzi nyingi, na albamu yake *Chibite* ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Wazungu waliifungulia masikio, wewe wa Dodoma unahesabu nyuzi! Na gitaa la freti, vile vyuma vinavyokata shingo yake, ndilo lililofungwa: freti zimeshaamua noti iko wapi. Kuifikia ile sauti ya saba lazima uvute uzi au uteleze na chupa.

Malkia wa Ntyuka
Kaka Chamwino yuko sahihi, ila ameacha kubwa. Muheme wa akina mama, ngoma zilizobanwa mapajani, ulikuwa na mahali pake kwenye kuwatoa wasichana. Huimbi wa kutoka kabla ya wa kuingia. Huo ndio mfululizo mnaousifia kwa Wamarekani. Lakini redio zetu zinachukua sekunde 40 za muheme, zinalaza chini ya sauti ya mtangazaji, basi. Kwa nini saa nzima iende kwa malkia wa msitu wa mbali?

Msikilizaji wa Makole
Dada Malkia, hoja yako naikubali, lakini haifuti yangu. Nawasihi mtu aisikilize kwanza. Kuna wimbo ambamo mhuni anasimulia jinsi alivyowaua watoto wake. Mbele sana watoto hao wanarudi kama mizimu kulipiza kisasi. Ukichanganya nyimbo, unakutana na kisasi kabla hujajua kuna mauaji.

Zabibu Nyeusi
Nimeisikiliza. William na huyo mhuni wana sauti moja! Nani atawatofautisha redioni?

Msikilizaji wa Makole
Hapo umegusa penyewe. Wote wawili anaimba Colin Meloy. Malkia ni Shara Worden, Margaret ni Becky Stark, hao hawachanganyi. Dawa ni kusoma muhtasari wa dakika mbili kabla ya kuanza, na kumwambia msikilizaji: gitaa likiwa zito na ngoma zikigonga kwa pamoja, huyo ni mhuni. Anayetaka njia rahisi aanze na *Hadestown*, albamu nyingine ya hadithi moja, ya Anaïs Mitchell, ya 2010. Humo kila mhusika ana mwimbaji wake: Justin Vernon ni Orpheus, Greg Brown ni Hades, Ani DiFranco ni Persephone.

Malkia wa Ntyuka
Bado hujajibu muheme.

Mtoto wa Chamwino
Wala hatajibu. Na wakiupiga watauharibu. Mfano ni ilimba, chombo cha Kigogo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba: ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili mlio utetemeke. Ukimpa fundi wa studio asiyejua, anauona uchafu, anausafisha kwa mashine. Anakurudishia ilimba iliyokufa.

Fundi Mitambo
Mimi siusafishi, na kosa kubwa liko kwenye kibana sauti cha kurushia matangazo. Kinapandisha kidogo na kushusha kikubwa. Gitaa la vidole linatoka sawa na gitaa la umeme lililochafuka, na hadithi inalala kama chapati. Kwa saa hiyo kilegezwe. Na usawazishaji wa sauti ufanyike kwa albamu nzima, si wimbo kwa wimbo.

Zabibu Nyeusi
Na sehemu za kimya? Mtambo si utadhani redio imekufa?

Fundi Mitambo
Swali zuri kuliko yote uliyouliza leo. Kipima ukimya kikikaa sekunde kumi bila sauti ya kutosha, kinarusha wimbo wa dharura juu ya hadithi. Msikizime, maana waya ukikatika kweli hamtajua. Pimeni kwanza sehemu tulivu kuliko zote, ongezeni muda wa kusubiri uipite kwa sekunde kadhaa, mwandike kwenye daftari la zamu, na anayepokea zamu arudishe kama kilivyokuwa.

Malkia wa Ntyuka
Muhakikishe hiyo hiyo inafanyika kwa muheme. Sehemu za sauti bila ngoma ni tulivu kuliko gitaa lenu.