Tupeane uzoefu: mkate wa boga na mafini za unga wa boksi

MamaWawili_Minnesota

Wapendwa, habari za huko mliko? Hapa kwetu majani yameanza kupukutika, na dukani wameshazipanga zile boksi za unga wa mkate wa boga, zile za kutia mayai, mafuta na maji tu. Zinaingia Septemba, na Krismasi ikipita huzioni tena mpaka mwaka mwingine. Nimebeba nne.

Naanzisha uzi huu kwa sababu wiki ijayo mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Marekani, na nataka akivuka kizingiti apokewe na harufu ile. Sitaki kubahatisha. Boksi langu la kwanza lilinitia simanzi. Ilikuwa 2016, nina miezi mitatu tu nchi hii. Nilitumia bakuli la kioo, nikawasha oveni nyuzi 350 za Farenhaiti kama boksi lilivyosema. Dakika ya hamsini naona juu pameiva, rangi ya kahawia nzuri kabisa, nikautoa, nikaukata ungali wa moto. Katikati pakamwagika kama uji. Pembeni pamekauka, ndani pabichi. Nilikaa chini pale jikoni nikalia, maana hela ya wiki ile ilikuwa ya kuhesabu senti. Mume wangu alizila zile kingo na chai ya rangi, hakusema neno.

Baadaye nikajifunza kwamba kioo kinashika joto na kuunguza kingo kabla katikati hapajaiva. Ukiwa na kioo tu, shusha nyuzi 25 uuache mkate ndani muda zaidi, na usiamini macho: choma kijiti cha meno katikati, kitoke kikavu. Ukishautoa uache utulie dakika kumi kabla ya kuugusa.

Haya, boksi lako la kwanza lilikuwaje, na sasa unafanyaje? Wa mkate, wa mafini, vile vikeki vya vikombe, nyote karibuni.

BintiChakeChake

Shoga yangu, mie siku ya kwanza nilipofungua ile pakiti ya ndani nilisimama wima. Karafuu! Nimelelewa Pemba, baba akianika karafuu juu ya majamvi mbele ya nyumba, msimu mzima mpaka nguo za skuli zinanuka karafuu. Nimekaa New Jersey miaka mitano sijainusa namna ile, halafu naikuta ndani ya boksi la Wamarekani.

Hicho wanachokiita viungo vya boga wala hakina boga ndani yake. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Kampuni ya viungo ya McCormick ilianza kuuza mchanganyiko wa namna hii kwenye kichupa kimoja mwaka 1934, na hadi leo ndiyo harufu ya Oktoba nchi nzima. Ila kwenye boksi vinakuwa hafifu mno kwa mtu aliyezoea pilau ya kwao. Mie huongeza: karafuu nne na punje za iliki sita, natwanga kwenye kinu kidogo, kisha nachekecha kwa chujio la chai. Usiache kuchekecha. Kipande cha karafuu kikibaki kwenye mafini, anayekiuma ulimi unamfa ganzi na utamu wote umeondoka.

La pili, maji siyatii. Natia tui la nazi, kipimo kilekile. Boga na nazi hawakuanza kujuana leo. Ramadhani gani kwetu futari haina boga la nazi? Tui liwe jepesi. Ukitia zito, punguza mafuta ya boksi vijiko viwili vikubwa, la sivyo mkate unalala na karatasi inaloa mafuta.

MamaWawili_Minnesota

Bi Chake, hilo la tui nimelishika kwa mikono miwili.

Kaka_Denver

Kwanza nyinyi mnasema boga, sisi kwetu Kenya ni malenge. Tuendelee.

Walio sehemu za juu wanisikilize. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, haipishani sana na Nairobi. Mafini zangu za kwanza zilipanda vizuri mno, nikazipiga picha kupitia kioo cha oveni nikamtumia dada yangu. Dakika nne baadaye zote kumi na mbili zimebonyea katikati. Nilidhani nimefungua mlango mapema, nikarudia boksi la pili bila kuugusa mlango. Zikabonyea tena.

Sababu ni hewa. Huku juu ni nyepesi, kwa hiyo ule mvuke na gesi ndani ya unga unafura haraka, mafini inapanda kabla kuta zake hazijakaza, halafu haina cha kuishikilia. Boksi nyingi zina maandishi madogo ubavuni kwa ajili ya wanaoishi juu ya futi 3,500. Mimi sikuyasoma kwa sababu sikujua kwamba yananihusu. Sasa naongeza vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano na viwili vya maji, oveni naipandisha hadi 375, na naanza kuchungulia dakika tano mapema. Zinasimama. Kaka yangu Nairobi nilimpelekea boksi Desemba nikamwandikia hayohayo kwa kalamu juu ya kifuniko. Walio pwani msifuate hesabu hii.

Mama_wa_Uvira

Jambo kwa wote. Mimi niko Louisville, tulifika 2018 watu saba. Novemba ile kanisa likatuletea katoni ya sikukuu yao ya Shukrani: bata mzinga, mahindi ya kopo, boksi la unga, na kopo lenye picha ya boga. Boga nalijua, nimelilima tangu utoto katikati ya mahindi, na majani yake ndiyo mboga iliyotulea. Nikafurahi. Nikakaanga kitunguu na nyanya, nikamimina kopo lote, nikatia chumvi, nikasonga bugali. Watoto walionja mara moja wakaniangalia. Ilikuwa sukari tupu na mdalasini. Kitinda mimba akaniuliza kama boga la Amerika limeharibika.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kimarekani, mzee, anaishi peke yake. Nilimpelekea kopo tupu, kwa Kiingereza changu cha wiki tatu, nimuulize ni nini. Alinishika mkono tukaenda kwake, akatoa makopo mawili kabatini akayaweka mezani sambamba. Rangi moja, picha moja. Akaweka kidole kwenye maandishi: hili ni boga peke yake, hili limeshatiwa sukari na viungo kwa ajili ya pai. Kisha akaja jikoni kwangu tukafanya lile boksi pamoja. Yeye alivunja mayai, mimi nilikoroga, hatukuwa na lugha.

Tangu hapo kila Novemba naoka mikate miwili, mmoja wake. Mwaka jana amehamia kwa binti yake Indiana. Nimeutuma kwa posta. Nilingoja upoe usiku kucha, nikaufunga karatasi ya nailoni mara mbili, juu foili, juu taulo ndogo mpya. Umefika mzima. Mkate huu siku ya pili unakuwa laini kuliko siku ya kwanza, ndiyo maana nilithubutu.

Wageni wote wanaopewa katoni: someni kopo kabla hamjamimina.

BintiChakeChake

Mama, Mungu akuweke. Nimesoma mara mbili.

Baba_Watatu

Mwanangu wa pili ana mzio wa mayai, kwa hiyo boksi za mkate wa boga wenyewe niliziacha. Ninachofanya: boksi la unga wa keki ya viungo, na kopo moja la boga tupu la aunsi 15, yaani gramu 425. Basi. Hakuna yai, mafuta wala maji. Unakuwa mzito, hadi unafikiri umekosea, lakini boga lina unyevu wa kutosha. Vikombe 12 vya karatasi, nyuzi 350, dakika 20 hadi 25. Boksi lenyewe lisome vizuri, mengine yana maziwa.

Jambo moja limebadilika. Boksi za keki zimepungua uzito. Zamani zilikuwa aunsi 18 na robo, zikashuka hadi 15 na robo, na sasa zipo za 13 na robo. Kopo bado ni aunsi 15. Ukitia kopo lote kwenye boksi dogo mafini zinakuwa na majimaji ndani. Mimi hubakiza vijiko vitatu vinne, naviweka kwenye bakuli lenye mfuniko, si kwenye kopo, na asubuhi naviingiza kwenye uji wa mtoto.

Mgeni_Ohio

Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi, naoka kwenye jiko la hosteli. Zangu zinapanda lakini ni ngumu, na ukizipasua zina vitundu virefu ndani kama njia za mchwa. Nakosea wapi?

Shangazi_Columbus

Unakoroga sana, mwanangu. Na nadhani unatumia mashine.

Mgeni_Ohio

Shikamoo shangazi. Ndiyo, mashine, dakika tatu.

Shangazi_Columbus

Marahaba. Iweke kabatini. Sisi tumezoea kupiga keki mpaka mkono uchoke, mayai na sukari na siagi, na keki ile inataka hivyo. Hii haitaki. Ukiukoroga sana unga wa ngano unavutika kama wa chapati, na gesi inajitoboa njia humohumo. Changanya kwanza mayai, mafuta na maji peke yake, mimina unga, chukua mwiko, geuza kutoka chini kuja juu mara kumi na tano, ishirini. Ukiona mabonge madogo yaache, yatayeyuka ndani ya oveni. Jaza vikombe robo tatu, usivuke hapo.

Na wadogo wako wakija wasilambe mwiko. Watu wanaogopa mayai mabichi wakasahau unga wenyewe; unga wa ngano nao ni mbichi na unaweza kubeba vijidudu mpaka uivishwe.

Dada_Dar

Niruhusuni nami, ingawa huku hakuna majani ya kupukutika. Mdogo wangu aliniletea boksi mbili kutoka Texas. Boksi linasema 350. Oveni yangu mwisho wake ni 250. Nikasema basi, niiweke mwisho kabisa, ndiyo itakaribia. Dakika ya ishirini na tano moshi ulijaa jikoni, mkate mweusi kama kuni iliyozimwa. Nililia kwa ule mfuko wa mdogo wangu, alivyoacha nguo zake akabeba boksi zangu.

Nyuzi zao si zetu: wao Farenhaiti, sisi Selsiasi. 350 ya kwao ni kama 175 hadi 180 ya oveni zetu. Na kikombe chao ni mililita 240, mimi nilipimia kikombe changu cha chai ambacho nilikuja kukipima kinaingia 300.

La pili nilijipanga. Nimepima kila kitu, nimewasha 180, nimemimina, na umeme ukakatika. Unga ukishalowa haungoji, ile nguvu ya kuumua inaanza kuondoka. Nikawasha jiko la mkaa. Sufuria kubwa, mchanga chini vidole viwili, nikaiacha ipate moto, nikatumbukiza sufuria ndogo yenye unga, mfuniko wa bati juu, nikapalia makaa. Moto wa chini kidogo, wa juu mwingi, kama mama alivyookea mkate wa mayai. Dakika arobaini na tano sikuondoka pale. Ulitoka mviringo, juu umepasuka katikati, na ukingo umeshika kaharufu ka moshi kanakokwenda vizuri mno na mdalasini. Nimeoka mikate mingi maishani. Ule nakumbuka hadi kipande cha mwisho alikula nani.

Dereva_Illinois

Mimi si mwokaji, mke wangu ndiye. Lakini naendesha lori, na mara nyingi napita Morton, Illinois, mji unaojiita makao makuu ya maboga duniani. Kiwanda cha Libby's, wale wa boga la kopo, kiko pale. Nilitarajia kuona mashamba ya yale maboga ya rangi ya chungwa yanayochongwa sura mwisho wa Oktoba. Sivyo. Boga lao la kopo ni aina iitwayo Dickinson, ngozi yake rangi ya kaki, refu kidogo, nyama imekaza. Linafanana zaidi na maboga ya nyumbani kuliko yale ya mlangoni.

Nimeandika haya kwa sababu mwaka juzi mke wangu alilichemsha lile la kuchonga, akitaka kuongeza utamu kwenye boksi. Nyuzinyuzi na maji tu, mkate ukakaa kama matope. Sasa anachukua la dukani lenye ngozi ya kaki, analichoma oveni, analikamua kwenye kitambaa, anatia nusu kikombe na kupunguza maji ya boksi kiasi hichohicho. Huo nikisafiri nabeba robo nzima.

MamaWawili_Minnesota

Narudi na majibu. Mama amefika Alhamisi. Nilioka siku hiyo asubuhi, chombo cha bati, tui badala ya maji, iliki ya Bi Chake nimechekecha. Aliingia, akavua viatu, akasimama sebuleni hajavua hata koti, akauliza, "Nani ana karafuu hapa?" Alikula vipande viwili na chai ya maziwa. Akaniambia ni mzuri, ila tui ningetia zito.

Leo ameamka kabla yangu. Yuko jikoni, amefungua boksi la tatu, ananiuliza beking pauda iko wapi. Nimemwambia imo ndani tayari. Hajakubali. Amemimina unga wote kwenye sinia, anaupepeta taratibu, anaitafuta.