Mafundi wa tovuti mnaotunyima funguo za tovuti zetu wenyewe, tuambieni mnapata nini?

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki nzima, leo naitoa.

Kikundi chetu ni cha wazazi wenye watoto viziwi. Kwa miaka 3 tulikuwa na tovuti ya kuwafundisha wazazi wenzetu lugha ya alama nyumbani. Makala 240, picha 640 za mikono. Kila picha ilipigwa na mzazi mezani kwake usiku, mtoto akiwa amelala, mkono mmoja ukionyesha alama na mwingine umeshika simu. Leo picha hizo hazipo. Mdukuzi alichangia, ndiyo, lakini mlango aliachiwa wazi na fundi tuliyemlipa.

Tovuti ilijengwa kwa WordPress. Siilaumu WordPress hata kidogo, na wale watakaokuja hapa kusema "mfumo wenyewe mbovu" naomba wasome kwanza. Mfumo wa kusimamia maudhui, uwe WordPress, Joomla au Drupal, ulibuniwa ili mtu asiyejua kodi, yaani maandishi ya kuundia programu, aandike, abadilishe na afute mwenyewe. Maandishi yanakaa kwenye hifadhidata. Picha zinakaa kwenye folda ndani ya sava, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Sura ya tovuti inatoka kwenye themu, kazi za ziada zinaletwa na plagini, na mgeni akifungua ukurasa ndipo mfumo unaviunganisha vyote na kumwandalia. Basi. Mzazi wa kwetu aliyekuwa anaogopa hata kuambatanisha faili kwenye barua pepe alijifunza kuweka makala kwa jioni moja.

Sasa fundi alifanya nini? Alijipa cheo cha Msimamizi peke yake, sisi akatupa Uhariri. Nilipouliza akanijibu kwamba mfumo una leseni yake binafsi, hawezi kuigawa. Nikaamini! WordPress imetolewa tangu 2003, walioianzisha ni Matt Mullenweg na Mike Little, na leseni yake ni GPL: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Joomla na Drupal nazo ni GPL. Hakuna leseni ya fundi hapo. Ulikuwa uongo mtupu, na najua si sisi peke yetu tulioambiwa hivyo.

Kwa asiyejua, Mhariri anaandika na kuhariri makala za wote, basi. Kwenye menyu ya kushoto haoni plagini, haoni themu, haoni watumiaji, haoni mipangilio. Hata kutoa nakala ya makala alizoandika kwa mkono wake hawezi, maana kitufe cha kuhamisha maudhui ni cha Msimamizi. Nilijaribu kuandika anwani ya ukurasa wa plagini moja kwa moja, nikaambiwa sina ruhusa. Tovuti yetu, jasho letu, sina ruhusa!

Siku moja mama mmoja akaniandikia: "Dada, mbona nikifungua alama za vyakula naletewa kamari?" Nikafungua kwa kompyuta, tovuti iko sawa. Nikafungua kwa simu kupitia Google, nikatupwa kwenye kamari. Nikamwandikia fundi. Akajibu, "Kwangu inafunguka vizuri." Bila shaka inafunguka, wewe umeingia kama Msimamizi! Kodi chafu za namna hii mara nyingi huandikwa zimruke mwenye tovuti na kumnasa mgeni wa simu. Fundi mwenye miaka kwenye kazi hii halijui hilo? Baada ya jibu lile akapotea siku 11. Kampuni ya sava ikaifunga tovuti. Nikawapigia, wakasema wanazungumza na mwenye akaunti tu. Mwenye akaunti ni nani? Fundi. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limeandikishwa kwa nani? Fundi. Barua za onyo zilikuwa zinakwenda wapi? Kwa fundi.

Aliporudi ndipo alipofunguka. Hakuwa amesasisha chochote kwa miezi 19. Sababu: aliibadilisha themu ndani ya mafaili yake ya asili, kwa hiyo ikisasishwa marekebisho yake yote yanafutika. Wakuu, kitu kinachoitwa themu mtoto kipo kwa ajili hiyo hiyo! Unaweka marekebisho kwenye themu mtoto, themu mama unaisasisha utakavyo, hakuna kinachopotea. Na ile plagini ya picha zinazoteleza ukurasa wa mbele, ambayo huuzwa, aliichukua bure kwenye tovuti ya vitu vilivyovunjwa leseni. Kampuni ya sava ilikuta kodi chafu ndani ya folda la plagini hiyo hiyo. Sisi tulimlipa fedha ya kuinunua.

Miezi 19! Oktoba 2014, kulipogunduliwa tundu kubwa kwenye Drupal 7, timu yao ya usalama ilitoa tahadhari kwamba tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ihesabiwe imekwisha kuvamiwa. Saa 7.

Bekapu, zile nakala za akiba? Zilikuwepo, zinajitengeneza kila wiki, zinahifadhiwa ndani ya sava ile ile, kwenye folda la tovuti ile ile. Sava ilipofutwa, bekapu zikaenda nayo.

Mwisho akanitumia faili moja la XML (faili la maandishi matupu) la megabaiti 4, alilokuwa amelitoa zamani, na ujumbe: "Hii hapa tovuti yenu yote, tumalizane." Nikaliingiza kwenye tovuti mpya nikiwa na matumaini. Makala zikaja, tarehe zikaja, maoni yakaja. Nikafungua somo la kwanza, lile la neno "mama". Limeandikwa: "Tazama kidole gumba kinapogusa hapa." Chini yake kiboksi cheupe chenye alama ya picha iliyovunjika. Nikafungua la pili, hivyo hivyo. Faili la namna ile halibebi picha, linabeba anwani zake tu, kisha mfumo unakwenda kuzichukua kwenye tovuti ya zamani. Tovuti ya zamani haipo. Somo la alama lisilo na picha ya mkono mtaliita somo?

Mafundi mliomo humu, wapo waungwana kati yenu na ninawaheshimu. Lakini mnaofanya mchezo huu, mnapomaliza kazi mkabidhini mwenye tovuti cheo cha Msimamizi, akaunti ya sava na kikoa kwa jina lake na barua pepe yake. Mkitaka kubaki kama watunzaji, bakini kwa makubaliano, si kwa kutufungia mlango.

Na ninyi wenye tovuti, ingieni usiku huu huu. Msipoona menyu ya watumiaji na ya plagini, ninyi ni wageni kwenye nyumba yenu. Daini nakala ya hifadhidata pamoja na folda zima la wp-content, maana picha zimo humo, kwenye uploads, zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Mkivipata vihifadhini nje ya sava.

Sisi tunaokoteza. Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani, ilikuwa imehifadhi baadhi ya kurasa zetu, wazazi wengine wamezikuta picha zao kwenye simu za zamani. Hadi leo mchana zimerudi 212. Zilizobaki tunazipiga upya, na aliyeonyesha alama za herufi zote, mikono yake ndiyo watoto wetu waliyoizoea, hayuko nasi tena.