Nondo wa kijani mwenye mikia mirefu

Swali: Ndugu zangu, jana alfajiri, chini ya taa ya kibaraza chetu nje kidogo ya mji wa Morogoro, nilimkuta nondo wa kijani chenye umanjano, upana wa kiganja, mwenye doa mithili ya jicho kwenye kila bawa na mikia miwili mirefu. Nilimwekea maji ya sukari, lakini hakuyagusa. Ni nondo gani, na hula nini?

Jibu: Huyo anaelekea kuwa Argema mimosae. Sukari yako haina kosa: akishapevuka hana kinywa kinachofanya kazi, hivyo huishi siku chache tu kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi, akitafuna majani ya miti kama mng'ongo. Tazama vipapasio vyake. Vikiwa vipana kama unyoya, ni dume, ambaye usiku hufuata harufu ya jike.

Jibu: Kifukofuko chake, yaani kifuko cha hariri ambamo kiwavi hugeuka kuwa nondo, nacho hung'aa kama fedha. Kusini mwa Afrika wacheza ngoma huvitia vijiwe vifuko hivyo na kuvifunga miguuni ili vilie.

Muuliza swali: Ahsanteni. Vipapasio ni vipana kweli. Taa nimeizima, naye ameondoka.